UTANDO WA BAKTERIA: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA

Leo tuingie maabara tuone kazi ambayo wengi wetu huidharau, yaani kupaka na kukaza utando wa bakteria kwenye kioo kabla ya kuutia rangi. Wengine husema, "Si ni kupaka tu?" La hasha! Kazi hii yaweza kuokoa mtu au kumpoteza.

Chukua mfano wa kifua kikuu. Mgonjwa hutoa makohozi, mhudumu wa maabara huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi, kisha huchungulia kwa darubini. Viini vya ugonjwa huu, ambavyo Robert Koch alitangaza huko Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amevigundua, huonekana kama vijiti vyekundu. Lakini darubini haivioni kwa urahisi mpaka mililita 1 ya makohozi iwe na viini 5,000 hadi 10,000. Kwa hivyo hakuna hata kimoja cha kupoteza. Utando usipokazwa vizuri, maji huvibeba viini hadi kwenye sinki. Mgonjwa ataambiwa hana kitu, naye atarudi kulala chumba kimoja na watoto wake huku akikohoa.

Basi kazi yenyewe hufanywa hivi:

Kwanza, kioo kiwe safi, bila mafuta. Kishike kwa kingo, maana hata vidole vina mafuta. Andika alama kwa penseli kwenye ncha yake yenye ukungu. Wino utafutwa na spiriti.

Pili, paka utando mwembamba. Kwa makohozi, upana wa sentimita 2 kwa 3 hutosha. Ukikiweka kioo juu ya gazeti, uweze kusoma maandishi kupitia utando. Ukiwa mzito, utabanduka, tena utashika rangi kupita kiasi. Ukiwa hafifu mno, utatafuta viini mpaka macho yaume.

Tatu, uache ukauke wenyewe kwa hewa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani hukimbilia moto. Sisi wa Moi's Bridge tunajua mambo ya mahindi. Bodi ya nafaka hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na anayeweka ghalani mahindi mabichi huvuna uvundo. Utando nao ni vivyo hivyo. Ukiupasha moto ukiwa na maji, maji yatachemka, nazo seli zitapasuka na kupoteza umbo.

Nne, sasa ukaze. Shika kioo kwa koleo, upande wenye utando ukitazama juu, ukipitishe katika mwali wa moto mara 3, kila mara sekunde 2 au 3. Kwa nini moto? Mmeona ute wa yai unavyoganda na kushika sufuria. Protini za bakteria nazo huganda na kushika kioo, na rangi huingia vizuri zaidi. Lakini usikichome! Bakteria walioungua hawana umbo la kutambulika. Na tahadhari: moto huo mfupi hauui viini vyote vya kifua kikuu, kwa hivyo kioo bado ni cha hatari.

Shuleni hatugusi makohozi. Tunayo maziwa lala, hata mursik ya nyumbani. Chota kidogo kwa kitanzi cha waya kilichochomwa na kupoa, changanya na tone la maji ili kupunguza mafuta, kisha fuata hatua zile zile. Tia rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka wa 1884. Ukitazama kwa ukuzaji wa mara 1,000, utawaona bakteria wa zambarau, wengine vijiti, wengine vidoa vilivyoshikana kama shanga.

Kweli, siku hizi kuna mashine ya GeneXpert inayotambua kifua kikuu kwa muda wa saa 2 hivi. Hata hivyo, darubini haijastaafu. Bado hutumika kufuatilia mgonjwa aliye kwenye dawa, kujua kama anapona.

Kwa hivyo, wenzangu, mwalimu wa Biolojia akisema "ngoja ukauke", msinung'unike. Huenda kesho mmoja wetu akawa ndiye anayeshika kioo cha mama wa mtu. Mvumilivu hula mbivu.