Nguo Imevaliwa, Fundi Hajalipwa

Kila mwaka, mwezi wa nane unapokaribia kwisha, mafundi wa kushona katika miji yetu ya Bukavu, Goma na Lubumbashi hawapati usingizi. Shule zafunguliwa mwezi wa tisa, na kila mzazi ataka mashati meupe na suruali au sketi za buluu kwa watoto wake. Taa ya fundi huwaka hata usiku wa manane, na cherehani yake hailali. Siku ya kufungua shule watoto wapita barabarani, wanapendeza kama maua. Lakini ukiingia nyumbani mwa fundi, pengine utamkuta mtoto wake mwenyewe amekaa mlangoni, kwa sababu baba yake hana fedha za kumnunulia madaftari. Si kwamba baba huyo ni mvivu. Kazi ameifanya, malipo ndiyo hayakuja.

Mfanyakazi wa kampuni humngojea bwana mmoja mwishoni mwa mwezi. Fundi anayejitegemea ana mabwana ishirini, na kila mmoja ana mwisho wake wa mwezi!

Hebu tufanye hesabu, kama wanafunzi darasani. Tuseme fundi ameshona nguo 20, kila moja kwa faranga 30,000. Kitambaa, nyuzi na vifungo vyamgharimu faranga 18,000 kwa kila nguo, yaani 360,000 kwa zote. Wateja 12 walipa, wateja 8 hawalipi. Fundi apata nini? Mara 12 kwa 30,000 ni 360,000. Basi, amerudisha gharama yake tu. Kwa majuma yote ya kukesha hakupata hata faranga moja ya kulisha watu wake. Wale wanane hudhani kwamba deni lao ni dogo. Kumbe wameila faida yote ya nyumba nzima.

Kwa nini watu hawalipi? Wengine wamepatwa na msiba au ugonjwa, nao wastahili huruma. Wengine wanazo fedha, ila husema, «Huyu ni fundi wetu tu, atangoja.» Na fundi naye huona haya, kwa maana anayedaiwa ni jirani, ni shemeji, ni mwenzake wa kwaya. Mteja asema, «Fundi, mwisho wa mwezi nitakuona.» Fundi ajibu, «Haya mama, hakuna neno.» Lakini neno lipo, nalo lamla moyoni.

Ndugu fundi, deni baya huanza siku ya kupatana, wala si siku ya kukataliwa. Kwa hiyo sikia mashauri haya.

Kwanza, taja bei kabla ya kugusa mkasi, na useme kama ni faranga au dola, kwa maana thamani ya fedha hubadilika. Uandike katika daftari jina, kazi, bei na siku ya kulipa, na mteja atie sahihi. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata sheria ya nchi yetu juu ya mapatano, ile ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, yasema kwamba mapatano halali ni kama sheria kwa wale waliopatana.

Pili, omba malipo ya kwanza yanayotosha kununua kitambaa. Katika hesabu yetu ni faranga 18,000. Hapo, hata mteja akikimbia, hakimbii na mtaji wako.

Tatu, nguo isitoke kabla ya salio kulipwa. Fedha zikija kwa simu, usiufute ule ujumbe. Huo nao ni shahidi.

Nne, dai mapema na kwa heshima. Usingoje miezi mitatu hasira ikakomaa. Sema, «Jambo mama, leo ndiyo siku tuliyoandika.» Kama kweli hana, mgawanyie deni mara mbili au tatu, kisha andikeni tarehe mpya. Usimtangaze sokoni.

Tano, akiwa mkaidi, mwite mbele ya wazee au mkubwa wa mtaa. Ikishindikana, liko baraza la hakimu. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika umoja wa OHADA, na sheria zake humruhusu mwenye kudai, akiwa na hati zake, kumwomba hakimu amri ya kulipa bila kuanza kesi ndefu. Naye mdaiwa aweza kuipinga. Unaona tena faida ya daftari! Ila usiende kwa askari ili mdaiwa apigwe au afungwe. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1966, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1976, yakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano.

Sasa neno kwako wewe mteja. Katekisimu yahesabu kumnyima mfanyakazi malipo yake kati ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na Papa Leo XIII aliwakumbusha matajiri jambo hilo mwaka 1891 katika barua yake *Rerum Novarum*. Usidhani wahusika wenye viwanda peke yao. Yeyote aliyemwagiza fundi kazi amekuwa tajiri wake, hata kama kazi yenyewe ni kushona shati moja.

Nanyi wanafunzi, jioni hii waulizeni wazazi wenu kwa adabu, «Baba, shati hili limelipwa?» Kama halijalipwa, jitoleeni kuzipeleka fedha ninyi wenyewe. Huenda mtoto wa fundi ana kiti darasani mwenu, nacho hakina mtu. Dawa ya deni ni kulipa.