MKAKATI WA LISHE UNAPOFIKA KATANI: MFANO WA DAUDI, MBULU

Watumishi wa Serikali, masheha na wakaazi wa Visiwani kwa jumla wanaelezwa katika ukurasa huu namna mkakati wa lishe wa Tanzania Bara unavyoshuka kutoka Wizarani hadi kufika katika kata moja. Kata iliyochaguliwa ni Daudi, katika nyanda za juu za Mbulu, nchi ya Wairaqw. Sehemu hizo zilikuwa chini ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002 ulipoundwa Mkoa wa Manyara, na Daudi hivi sasa imo katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu. Inafahamika kwamba afya si jambo la Muungano, na kwa hivyo Zanzibar ina mipango yake chini ya Wizara yake ya Afya. Hata hivyo mtoto wa Daudi na mtoto wa Micheweni hudumaa kwa sababu zinazofanana sana, na anayesimamia kazi hii Visiwani ana mengi ya kujifunza kwa jirani.

Kwanza hapana budi kueleza neno udumavu, kwa kuwa ndilo linalobeba uzito wa mkakati wote. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake uko chini mno kuliko unaotarajiwa kwa umri wake. Si lazima awe amekonda. Pengine anacheza na wenzake na mashavu yake yamejaa, na mzazi asione dosari yoyote mpaka mtoto alazwe juu ya ubao wa kupimia. Madhara yenyewe hujitokeza baadaye: maradhi ya mara kwa mara, uzito wa kufahamu masomo skuli, na nguvu ndogo ya kazi utu uzimani. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hupatikana katika siku 1,000 za mwanzo, yaani siku 270 za ujauzito na siku 730 za miaka miwili ya kwanza. Muda huo ukishapita, ni kidogo sana kinachoweza kurejeshwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii ulionesha kwamba watoto waliodumaa chini ya umri wa miaka mitano walikuwa asilimia 42 mwaka 2010, asilimia 34 mwaka 2015/16, na asilimia 30 mwaka 2022. Nafuu ipo. Lakini ramani ya mwaka 2022 ina jambo linalomshangaza kila anayeitazama kwa mara ya kwanza: mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, kiasi cha asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja kiasi cha nusu ya watoto wake. Hiyo ni mikoa inayovuna mahindi ya kuwalisha wengine. Ghala lililojaa, basi, halitoshi kuwa ushahidi kwamba watoto wa nyumba ile wanakula vyema.

Iringa ina habari nyingine inayostahili kukumbukwa. Mnamo miaka ya 1980, kwa msaada wa Serikali ya Italia kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, ulianzishwa huko mradi wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila robo mwaka, matokeo yakasomwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na wanakijiji wenyewe wakatafuta sababu na kuamua la kufanya. Baina ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu mno walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Njia hiyo ya kupima, kuchambua na kuchukua hatua iliigwa katika nchi nyingi, na mchoro wa sababu za utapiamlo unaofundishwa duniani tangu mwaka 1990 ulitokana kwa sehemu kubwa na uzoefu huo. Uzito na urefu ni vipimo viwili tofauti, na haifai kulinganisha tarakimu za wakati ule na za sasa moja kwa moja. Hata hivyo mwandishi haoni kuwa ni jambo la bahati kwamba mkoa uliokuwa mfano kwa dunia umekuwa wa mwisho. Mizani ya kijijini ikikaa bila kutumika, hakuna anayekumbuka kuuliza.

Sasa tuirejee Manyara. Katika wilaya hiyo ya Mbulu, upande wa Haydom, ipo Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Haydom ilikuwa mojawapo ya sehemu 8 duniani zilizoshiriki uchunguzi mkubwa wa watoto ulioanza mwaka 2009, ambapo watoto walifuatwa tangu kuzaliwa. Ilidhihirika kwamba watoto wa huko walikuwa wakidumaa kwa kiwango kikubwa mno. Chakula chao kilikuwa zaidi ni mahindi, na matumbo yao yalibeba vijidudu vingi hata pale ambapo mtoto hakuwa akiharisha. Palikuwa na matumaini kwamba dawa za kuua vijidudu hivyo zingemwezesha mtoto kurefuka. Jaribio likafanyika Haydom kwa watoto 1,188, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021: waliopewa dawa hawakuwa warefu kuliko wasiopewa. Kwa watumishi wetu jambo hili lina maana kubwa. Hakuna kidonge cha kukata njia. Yanayobakia ni chakula, maji safi, choo, na muda wa mama.

Tuingie jikoni, maana mkakati wowote huishia hapo. Nyanda za Mbulu hutoa mahindi, maharage, mtama, ulezi, viazi vitamu, maboga na mboga za majani. Ng'ombe na mbuzi wapo, na maziwa hunywewa. Hanang kuna mashamba makubwa ya ngano. Mtu akiyasoma majina haya ataona kwamba takriban makundi yote ya vyakula yamo. Mtoto wa miezi 8, hata hivyo, hupewa uji mwembamba wa mahindi, kwa kuwa mzazi huogopa uji mzito utamkaba. Tumbo la mtoto ni dogo. Hujaa maji ya uji kabla hajapata nguvu anayohitaji. Maharage yamo chunguni, lakini huonekana ni chakula cha wakubwa. Yai huuzwa ili ipatikane chumvi na sabuni, na maziwa huenda sokoni au hugawiwa wageni kwanza. Hakuna hata moja katika hayo linalotokana na ukosefu wa chakula.

Maelekezo ya lishe kwa umri huo ni mepesi kuyasema. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila ya maji. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, huku akipewa chakula laini kilicho kizito kiasi cha kutomwagika upesi kutoka kwenye kijiko: mara 2 au 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 au 4 kuanzia miezi 9, pamoja na kitu kidogo baina ya milo. Maharage yaliyoiva hupondwa na kuchanganywa na ugali laini au kiazi. Mahindi peke yake yana upungufu wa baadhi ya viini vya kujengea mwili, na maharage huujaza upungufu huo. Ndiyo maana makande ni chakula bora kuliko wengi wanavyokidhania, mradi yapondwe kwa ajili ya mtoto.

Tatizo ni nani atakayempikia mara 4 kwa siku. Msimu wa palizi mama huondoka alfajiri, na mtoto huachwa na dada yake mwenye umri wa miaka 7 au 8 pamoja na kibuyu cha uji uliopoa. Mafunzo ya lishe yanayotolewa kwa mama peke yake, bila ya baba na bila ya bibi kuwepo, humpa mama lawama asiyostahiki. Hii ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya mikakati yote iliyowahi kuandikwa, na inafaa kusemwa wazi.

Katika uendeshaji, Bara ilipata Sera yake ya kwanza ya Chakula na Lishe mwaka 1992, huku Taasisi ya Chakula na Lishe ikiwa imeundwa kwa sheria tangu mwaka 1973. Ulifuata Mkakati wa Taifa wa Lishe wa 2011/12 hadi 2015/16, kisha mipango jumuishi miwili ya miaka mitano mitano, wa pili ukipangiwa miaka ya fedha 2021/22 hadi 2025/26. Jambo lililoleta mabadiliko ya kweli lilikuwa mkataba wa lishe. Mwezi Disemba 2017 wakuu wa mikoa waliwekeana saini na Serikali, na mkataba mwengine ukasainiwa Septemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Viongozi wa chini nao husaini, hadi kijijini, na kila mmoja hupimwa kwa kadi yenye rangi.

Mkataba unaambatana na fedha. Kila halmashauri hutakiwa kutenga kutoka mapato yake ya ndani shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka. Tuchukue kata yenye watoto 1,500: fungu lake ni shilingi 1,500,000. Kwa fedha hizo hapajengwi kitu. Zinatosha utepe wa kupimia, mafuta ya pikipiki, posho ndogo ya wahudumu wa afya wa jamii na chakula cha mafunzo ya upishi. Kwa hiyo kuandika fungu hilo katika bajeti bila ya kulitoa, au kulitoa mwezi wa Juni wakati mwaka wa fedha unafungwa, ni sawa na kutolitenga. Mhasibu wa halmashauri huenda asijihesabu kuwa mtumishi wa lishe, lakini siku 1,000 za mtoto hazisubiri hati ya malipo.

Kijijini, kazi hukutana katika Siku ya Afya na Lishe, ambayo hufanyika kila robo mwaka. Mtendaji wa kijiji huwaita wananchi, muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa jamii hupima watoto, bwana au bibi shamba huonesha mbegu na bustani, na chakula hupikwa hadharani kwa vyakula vya kijiji hicho hicho. Masheha wetu wataona kwamba nafasi ya mtendaji huyo inafanana na yao: bila ya yeye kuita, hakuna anayekuja.

Lipo pia onyo linalohusu usalama. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi yakaushwe juu ya turubai au chanja, pasipo kugusa udongo, na yale yaliyovunda au kubadilika rangi yatupwe, wala wasipewe kuku. Kwa sababu hiyo hiyo wataalamu hawaupendi unga wa uji uliosagwa pamoja na karanga, soya na nafaka za kila aina na kuwekwa miezi. Karanga huharibika upesi na huchafua unga wote. Ni salama zaidi kutumia unga wa nafaka moja au mbili, na karanga safi zilizosagwa kutiwa wakati wa kupika.

Matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kwa wa miezi 12 hadi 59, hutolewa Bara mwezi wa Juni na Disemba. Mzazi huenda na kadi ya kliniki. Utepe wa mkono hutumika kuanzia miezi 6: rangi ya kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Ya manjano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, na mtoto huyo hupatiwa ushauri na kupimwa tena. Nyekundu ni chini ya 11.5, na mtoto hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata akionekana mchangamfu.