Chanjo Ianze Kabla ya Figo Mpya

Mtu aliyepandikizwa figo huishi akiilinda. Humeza dawa za kushusha kinga ya mwili asubuhi na jioni bila kukosa, huenda kliniki kupimwa kreatinini, na kila jambo jipya hulipima kwa swali moja: je, litaidhuru figo yangu? Akisita mbele ya sindano ya chanjo, si haki kumweka kundi moja na wanaoeneza uvumi kwamba chanjo ni njama. Huyu anaogopa kupoteza kiungo alichopewa na dada yake au mwanawe, na hofu hiyo ina mantiki yake. Inastahili jibu la kitaalamu kutoka kwa daktari bingwa wa figo anayemwamini, na kwa maoni yangu jibu hilo huchelewa mno: hutolewa baada ya upasuaji, ilhali wakati wake mzuri ulikuwa kabla.

Tuanze na hofu yenyewe. Mgonjwa hufikiri hivi: chanjo huamsha kinga ya mwili, nami nanywa dawa ili kinga hiyo itulie, nikiiamsha, si itaishambulia figo? Madaktari nao waliwahi kujiuliza hivyohivyo, na ndiyo sababu suala hili limechunguzwa kwa miaka mingi, hasa kwa chanjo ya homa ya mafua. Tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hazikuonyesha kwamba chanjo huongeza visa vya mwili kukataa kiungo. Kinyume chake, maambukizi ya mafua yenyewe ndiyo yamehusishwa na hatari hiyo, mbali na nimonia na kulazwa hospitalini. Kukaa bila chanjo, basi, hakumwepushi mgonjwa na hatari anayoikimbia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama dawa zimeshusha kinga, chanjo itafanya kazi gani? Hapa tusimdanganye mgonjwa. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani waliwafuatilia watu 658 waliopandikizwa viungo na kukuta kwamba baada ya dozi mbili ni asilimia 54 tu waliokuwa na kingamwili zinazopimika. Waliokuwa wakitumia dawa za kundi la mikofenoleti walikuwa na mwitikio hafifu zaidi. Lakini huko Toulouse, Ufaransa, wagonjwa 101 walipopewa dozi ya tatu, wenye kingamwili walipanda kutoka asilimia 40 hadi 68. Kinga pungufu si sawa na kutokuwa na kinga kabisa. Mtu huyu anahitaji ratiba yake mwenyewe, yenye dozi za nyongeza, na anahitaji kuambiwa kwamba hata akichanjwa aendelee kujikinga.

Udhaifu huohuo wa mwitikio ndio unaonifanya nisisitize kuchanja mapema, maana kinga huitika vizuri zaidi kabla dawa hizo hazijaanza. Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma mwaka 2018, na mtoaji ni ndugu aliye hai. Kwa hiyo upasuaji hupangwa. Mgonjwa haitwi usiku wa manane kwa sababu figo imepatikana ghafla. Kabla ya hapo huenda kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, akiwa amekaa kitini mbele ya muuguzi anayemfahamu kwa jina. Huo ndio muda wa kuzungumza na kuchanja. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa mfano, hutolewa kwa mgonjwa wa usafishaji damu kwa dozi ya maikrogramu 40, mara mbili ya ile ya kawaida ya mtu mzima, kisha damu hupimwa mwezi mmoja au miwili baadaye kuona kama kinga imejengeka. Isipojengeka, anachanjwa tena.

Kuna chanjo ambazo kweli hazimfai akishapandikizwa: zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, tetekuwanga na homa ya manjano. Anayezihitaji azipate angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Nadhani sehemu kubwa ya mkanganyiko hutoka hapa, kwani mgonjwa akisikia “chanjo hii hapana” huondoka akiamini ni zote. Ndugu zake wanaweza kupewa chanjo ya surua bila kumhatarisha, na wakichanjwa dhidi ya mafua humpunguzia nafasi ya kuambukizwa. Uangalifu unahitajika kwa mjukuu aliyetoka kupewa matone ya chanjo ya rota au polio, kwa kuwa virusi vya chanjo hutoka kwenye choo chake. Mtoto achanjwe kama kawaida, ila kwa wiki 4 hadi 6 nepi zake abadilishe mtu mwingine, na mikono ioshwe kwa sabuni.