Mgeni Anapokuwa Mkimya

Familia nyingi za pande hizi za Mlima Meru, toka Olmotonyi hadi Usa River, zimewahi kupokea vijana wa nje wanaojitolea kwa mwaka mmoja au miwili. Si jambo geni: Wamarekani wa Peace Corps walifika Tanganyika tangu mwaka 1961.

Mwanzoni mgeni hufurahia kila kitu. Baada ya miezi michache hujifungia chumbani, hukasirikia mambo madogo, hata hulia. Sisi wenyeji husema, "Anaringa." Haringi.

Kalervo Oberg, mtaalamu wa mila aliyewahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, aliieleza hali hii mwaka 1954. Alisema aliye ugenini hupoteza alama ndogondogo alizozizoea: asalimieje, akubali mwaliko upi, lipi ni mzaha na lipi si mzaha. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alieleza habari za Wanorwe 200 waliokwenda Marekani kwa masomo. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walipata taabu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Si wote hupitia njia hiyo, lakini kushuka moyo katikati ya safari si kushindwa.

Tufanye nini? Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayechambua maharage jikoni pamoja na mama hujifunza lugha na huacha kujiona mzigo. Tumwachie pia nafasi ya kukaa peke yake; kwao si dharau.

Hata hivyo, tutofautishe upweke na ugonjwa. Huzuni ikizidi wiki 2, halali vizuri, hali, ameacha kazi aliyoipenda, apelekwe hospitali. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyo hiyo. Tumwulize pia anameza dawa gani ya kukinga malaria. Meflokwini, inayomezwa mara moja kwa wiki, huweza kuleta ndoto mbaya, hofu na huzuni. Asiiache kimyakimya akabaki bila kinga, daktari atambadilishia.

Kurudi nyumbani nako kuna taabu yake, kwa kuwa mtu amebadilika na kwao kumebadilika. Hayo huwapata hata watoto wetu wanaotoka masomoni ng'ambo. Basi kijana akirudi mkimya, tusimwambie ameiga Uzungu. Tumkaribishe chai, tukae naye, tumsikilize.