Mizigo Chini ya Kitanda

Mwezi wa Juni ukikaribia, mwanafunzi aliye Uingereza huhesabu tarehe mbili: ya mtihani wa mwisho na ya kurudisha ufunguo wa chumba. Ya kwanza tunaizungumza kila siku. Ya pili huwa hatuikumbuki mpaka mwenye nyumba atume ujumbe. Mwaka huu niliamua kuanza mapema, nami nikaanzia chini ya kitanda.

Nilivuta mabegi matatu. La kwanza lilikuwa na makoti ya baridi. La pili lilijaa nyaya za simu ambazo simu zake zilishakufa, pamoja na ule mfuko wa mifuko ambao haukosekani katika nyumba ya Mswahili popote duniani. La tatu ndilo lililonikalisha sakafuni. Lilikuwa begi la kupeleka nyumbani. Ndani yake kulikuwa na viatu vyeusi vya shule vya mpwa wangu. Nilivinunua wakati wa punguzo la bei alipokuwa na miaka 6, nikamwahidi kwa simu kwamba vinakuja. Sasa ana miaka 9. Chini ya viatu kulikuwa na shali ya sufu niliyomnunulia bibi. Bibi tulimzika mwaka juzi. Nasema tulimzika, ingawa mimi nilikuwa huku.

Vitabu vya kupanga nyumba vimejaa madukani. Kinachojulikana zaidi ni cha Mjapani Marie Kondo, kilichotoka Japani mwaka 2011, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, na mwaka 2019 mwandishi akapata kipindi chake Netflix. Yeye hapangi chumba baada ya chumba. Anapanga kwa aina: nguo kwanza, kisha vitabu, karatasi, vitu mchanganyiko, na mwisho kabisa vitu vya kumbukumbu. Kila kitu unakishika mkononi na kujiuliza kama kinakupa furaha.

Utaratibu wake nimeufuata na unafaa, hasa kule kuacha kumbukumbu mwisho, maana ukianza na picha na barua hutafika kwenye nguo. Lakini swali lake halikunisaidia na lile begi la tatu. Viatu vya mtoto havikununuliwa kwa ajili ya furaha yangu. Vilikuwa ahadi. Na nikitazama vyumba vya wenzangu, naona mambo ni yale yale: redio ya babu, dawa ya nywele ya dada, kompyuta mpakato kuukuu ya mdogo wetu anayeanza chuo. Sisi hatujazwi na ununuzi peke yake. Tumejaa ahadi ambazo hazijasafiri. Kwa hiyo swali letu liwe hili: kitu hiki ni cha nani, na kitamfikia lini?

Tumelelewa na methali isemayo akiba haiozi. Waliotulea waliliosha kopo la aiskrimu na kuhifadhia maharage, na hawakukosea. Lakini kopo lile lilikuwa na kazi. Kitu kilichokaa gizani miaka mitatu bila kazi wala safari si akiba. Na hata akiba ikiwa haiozi, mguu wa mtoto haungoji.

Nilichofanya ni kugawa kila kitu mafungu manne: la kutumia, la kupeleka, la kutoa na la kutupa. Fungu la kupeleka nililiandikia daftari, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kilipata jina la mwenyewe, uzito, jina la msafiri na mwezi. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi, na mizani ndogo ya kuning'iniza begi huondoa aibu ya kufungua mzigo mbele ya kaunta. Kilichokosa msafiri ndani ya miezi mitatu nilikihamishia fungu la kutoa, kisha nikampigia simu mwenyewe nimwambie ukweli. Simu hiyo ni ngumu kuliko kazi yote ya kufunga mizigo.

Kuhusu kutoa, kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko wengine. Maduka ya hisani, kama yale ya British Heart Foundation, hupokea nguo, vitabu, vyombo na hata fanicha. Kwa sofa, angalia kwanza kama kile kitambulisho cha usalama wa moto bado kimeshonwa. Kikiwa kimekatwa, hawataichukua. Lakini nguo nyingi zisizouzwa humo huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara na kusafirishwa nje. Sehemu yake huishia kwenye marobota tunayoyaita mitumba, hadi Gikomba mjini Nairobi. Mama anayefungua robota alilolinunua kwa mkopo hajui atakuta nini ndani. Kwa hiyo shati lililochanika au lenye madoa usiliweke kwenye mfuko wa sadaka. Lipeleke kwenye pipa la kuchakata vitambaa, au litumie kufutia meza.

Baada ya mafungu, kila kilichobaki kipewe mahali pake. Hilo halikutoka Japani. Waliokulia Lamu au Mji Mkongwe wanavijua vidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo sahani nzuri na vitu vya thamani vilipangwa vionekane. Nguo zilikaa sandukuni, mwili wa nyumba ukabaki wazi. Huku wazi huko kuna faida nyingine. Madirisha hufungwa miezi mingi, nguo tunazikausha ndani, na kabati lililosukumwa hadi kwenye ukuta wa nje huota ukungu nyuma yake. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta, na usilijaze mpaka mlango ukatae.

Karatasi ziwe na bahasha moja tu: pasipoti, vyeti, mkataba wa kupanga na orodha ya vitu ulivyovikuta chumbani. Hapa kuna fedha. Kwa wanaopanga nyumba za watu binafsi England, amana kwa kawaida lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30 tangu ipokelewe. Tangu Juni 2019, nyumba yenye kodi ya chini ya pauni 50,000 kwa mwaka haiwezi kudaiwa amana inayozidi kodi ya wiki 5. Sehemu ya fedha hizo inaweza kukatwa kwa ajili ya usafi au kuondoa taka ulizoacha. Piga picha siku ya kuingia na siku ya kutoka, chumba kikiwa kitupu.

Nina ombi moja kwa chama chetu. Kila Juni tunatupa sufuria, mablanketi, birika za umeme na viango vya nguo. Kila Septemba wanachama wapya hutumia fedha zao za kwanza kununua vitu hivyo hivyo. Tutenge Jumamosi moja kabla ya watu kuondoka, tuwe na daftari la chama, na wahadhiri wetu watusaidie kupata kabati la kuhifadhia wakati wa kiangazi. Anayefika na begi moja akute sufuria inamngoja.

Nami? Viatu amepewa mtoto wa mwanachama mwenzetu, vikamkaa sawasawa. Nilimpigia mpwa wangu, nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mjomba, sasa navaa kama vya baba." Nimeandika namba yake kwenye daftari pamoja na jina la msafiri wa Agosti. Shali sikuiweka fungu la kupeleka wala la kutoa. Ipo fungu la kutumia. Baridi ikirudi nitaivaa.