Utangulizi: Pato la Taifa Katika Sahani ya Ugali

Somo unaloanza huitwa uchumi jumla, yaani uchunguzi wa shughuli za kiuchumi za nchi nzima zikitazamwa kwa pamoja. Wengi huogopa hesabu zake. Usiogope: kwa sasa kujumlisha na kutoa kunatosha. Ugumu uko katika kujua nini kijumlishwe.

Tuseme mkulima wa Songea anauza mahindi kwa shilingi 1,000. Mwenye mashine anayasaga na kuuza unga kwa 1,600. Mama lishe anausonga ugali, anauuza kwa 2,500. (Mbegu, umeme na kuni tuviache kwanza.) Nchi imezalisha kiasi gani? Darasa zima hujibu 5,100. Sivyo, kwa kuwa bei ya unga imeshabeba bei ya mahindi, na bei ya ugali imebeba zote mbili. Mahindi yamehesabiwa mara tatu. Tunachojumlisha ni ongezeko la thamani, yaani kile ambacho kila mmoja ameongeza juu ya alichonunua: 1,000, kisha 600, kisha 900. Jumla ni 2,500, sawasawa na alizolipa mlaji, na ndizo hizohizo walizogawana wale watatu kama kipato. Soma tena hapo, taratibu. Uzalishaji, kipato na matumizi vinapima kitu kilekile, na jumla yake kwa nchi nzima kwa mwaka ndiyo Pato la Taifa.

Je, sahani hiyo ikiuzwa 3,000 mwakani, tumetajirika? La, bei imepanda tu. Kupanda kwa bei kwa ujumla ni mfumuko wa bei. Ili usitudanganye, watakwimu hutumia bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, uitwao mwaka wa kizio. Tanzania ilipohuisha takwimu zake mwaka 2019 iliuchagua 2015.

Na ugali uliosongwa nyumbani? Mahindi ya kujilisha huhesabiwa, kazi ya kusonga haihesabiwi. Mchumi Mwingereza Phyllis Deane, aliyekadiria mapato ya nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia katika miaka ya 1940, alipinga kuachwa kwa kazi za wanawake wa vijijini. Kwa maoni yangu hoja yake bado haijajibiwa vya kutosha.

Sera huja baadaye. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza sera ya fedha kwa riba, ikianzia asilimia 5.5. Namna riba inavyotuliza bei tutaieleza ukishazoea kukokotoa Pato la Taifa kwa njia zote tatu.