HITA YA GARI IKIPOA, USIPUUZE

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nilikuja kujua kwamba hata gari lina mawingu yake, ila wengi wetu hatuyatazami.

Kwetu ni Kinangop. Mwezi wa Julai kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa baridi. Baba ana pikapu kuukuu ya kupeleka kabeji Nairobi. Siku moja wakati wa likizo tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu watatu mbele. Baba aliwasha hita, lakini ikatoa hewa baridi kama ya mlangoni. Pumzi zetu ziligota kwenye kioo zikawa ukungu. Mimi nikawa wa kupanguza kwa kitambaa. Nikipanguza huku, kule kunaziba. Ghafla baba akakanyaga breki! Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maziwa, hatua mbili tu kutoka kwa bampa. Mwenye punda alitutukana, na kusema kweli tulistahili.

Basi nieleze hita hufanyaje kazi. Watu wengi hudhani ni kama jiko la umeme. La hasha! Injini ikichoma petroli hupata moto sana, na maji huzunguka ndani yake yakiupunguza. Sehemu ya maji hayo ya moto hupitia mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu ya rejeta hiyo, nayo huingia ndani ikiwa na joto. Kwa hivyo hita hailetewi joto kutoka kwingine, inakula makombo ya injini. Ikikosa joto, ujue kuna jambo kwenye maji ya injini au kwenye njia ya hewa.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi wa jua kali. Kwanza, injini ikiwa bado baridi, alifungua kifuniko cha rejeta akatazama maji. Alinionya, “Kijana, usiwahi kufungua hii kitu injini ikiwa moto. Maji yatakurukia uso.” Maji yalikuwa yamejaa, lakini mekundu kwa kutu. Kisha akawasha injini kwa dakika 15, akashika kwa uangalifu ile mipira miwili ya hita, mkono ukiwa mbali na feni. Akanifundisha hivi:

Mipira yote miwili ikiwa moto na ndani bado kuna baridi, maji hayana kosa. Tafuta feni mbovu, au kile kilango cha kuchanganya hewa ya moto na ya baridi.

Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayapiti. Rejeta ndogo imeziba, au bomba lake la kufungia limekwama.

Yote miwili ikiwa baridi na geji ya joto imepanda, simamisha gari mara moja! Maji yamepungua, au hewa imeingia ndani. Ukiendelea utaunguza gasketi ya hedi.

Yote miwili ikiwa vuguvugu na geji haipandi, injini yenyewe haipati joto. Shuku thamostati.

Yetu ilikuwa vuguvugu. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Maji yakiwa baridi hufunga ili injini ipate joto haraka. Yakipata moto, nta hutanuka na mlango ukafunguka, maji yaende kwenye rejeta kubwa. Fundi alifungua mahali pake akacheka. “Mzee, hapa hakuna kitu!”

Baba akakumbuka. Miaka miwili nyuma gari lilichemka njiani, na fundi mmoja wa barabarani akaitoa thamostati akisema nchi yetu haina haja nayo. Fundi wetu akatikisa kichwa. “Huyo alipoza homa, akaacha malaria.” Akaeleza kwamba injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula petroli zaidi na huchakaa mapema.

Kabla ya kuweka mpya alitafuta kilicholichemsha gari zamani. Mkanda wa pampu ya maji ulikuwa umelegea, na rejeta kubwa imejaa kutu kwa sababu tulizoea kujaza maji ya mto. Aliikaza mkanda, akasafisha rejeta zote mbili kwa maji safi kutoka upande wa kinyume, akajaza kulanti.

Thamostati mpya ilikuwa imeandikwa nyuzi 82. Niliomba niipime kwanza jikoni kwetu. Niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji baridi, nikaweka juu ya jiko. Mama alinung'unika kuhusu sufuria yake, lakini kabla maji hayajachemka mlango ulifunguka polepole mbele ya macho yangu. Ingekataa, tungeirudisha dukani. Kumbukeni kwamba huku juu, kama mita 2,500, maji huchemka karibu nyuzi 92, si 100 kama ya Mombasa. Somo la fizikia lilikuwa limeketi jikoni kumbe!

Siku hizi kioo cha pikapu yetu ni safi alfajiri, na mimi nimeachishwa kazi ya kitambaa. Juma lililopita tulimpita yule mwenye punda. Tulimwona kutoka mbali, baba akapunguza mwendo, akapiga honi kwa adabu.

Ndugu msomaji, hita ikipoa waambie wazee wako nyumbani waangalie maji leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.